Koili baridi, kapasita au betri? Kuchagua hifadhi ya umeme wa mipigo angani

Mzigo wa kulinganishia ni huu: megajuli 1 itoke ndani ya sekunde 0.1, yaani megawati 10, kisha kimya mpaka dakika iishe, halafu mpigo mwingine. Wastani wake ni kilowati 17 tu, kiasi ambacho paneli za jua za setilaiti kubwa hutoa bila jasho. Kwa hiyo nishati ipo. Kazi ni kuikusanya taratibu na kuiachia kwa mkupuo bila kubeba tani za vyuma. Rada zenye nguvu, leza na injini za plazima zinazofanya kazi kwa mipigo zote zina tabia hii.

Ukitazama kilojuli kwa kilo peke yake utachukua betri na kufunga mjadala. Jedwali hapa chini linaonyesha kwa nini utakuwa umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Koili humo ni waya uliozungushwa, unaohifadhi nishati kwenye uga wa sumaku wa mkondo wake; superkondakta ni nyenzo inayopoteza ukinzani wote ikiwa baridi sana; gurudumu huhifadhi nishati kwa kuzunguka.

| Njia | Nishati kwa kilo, bila vifaa vya pembeni | Mpigo unaoifaa | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Kapasita za filamu | kJ 1 hadi 3 | chini ya milisekunde 10 | uzito |
| Superkapasita | karibu kJ 20 | sekunde 1 hadi 30 | ukinzani wa ndani |
| Betri za lithiamu za nguvu kubwa | karibu kJ 350 | sekunde 5 na zaidi | idadi ya mipigo |
| Gurudumu la nyuzi za kaboni | kJ 100 hadi 200, rota pekee | sekunde 1 hadi dakika | kuyumbisha chombo |
| Koili ya alumini safi, kelvini 20 | kJ 5 hadi 10 | milisekunde 10 hadi sekunde 2 | haidrojeni inayochemka |
| Koili ya superkondakta | kJ 5 hadi 12 | milisekunde 50 na zaidi | joto la kila mpigo |

Safu ya pili na ya tatu hazikubaliani, na hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Chukua superkapasita ya kawaida: faradi 3,000, volti 2.7, uzito kilo nusu, ukinzani wa ndani milioomu 0.29. Inabeba kilojuli 10.9, kwa hiyo seli 92 zingetosha kwa megajuli moja. Lakini zidisha ukinzani kwa faradi, utapata sekunde 0.87. Mpigo mfupi kuliko huo hauwezi kuimaliza seli. Kinachokubana ni mkondo. Ukitaka volti inayopotea ndani isizidi asilimia 10, seli moja haipaswi kuvuka ampea 930, na hapo inatoa kilowati 2.26. Megawati 10 zinadai seli zaidi ya 4,400, kama tani 2.2, bila fremu, nyaya wala saketi za kusawazisha volti. Refusha mpigo uwe wa sekunde 1 na uzito unashuka hadi kilo 220 hivi. Kifaa ni kile kile na nishati ni ile ile. Kilichobadilika ni muda tu, na uzito umepungua mara kumi.

Betri zinafuata njia hiyo hiyo. Seli zilizotengenezwa kwa ajili ya nguvu hutoa kilowati 3 hadi 5 kwa kilo kwa sekunde chache. Kwa megawati 10 hizo ni tani 2 hadi 3.3 za seli tupu; kwa mpigo wa sekunde 10, kilowati 100, zinatosha kilo 20 hadi 35. Tena, mpigo mmoja kila dakika ni mipigo 525,600 kwa mwaka. Hata kama kila mpigo unachukua asilimia 14 tu ya ujazo, seli hazipati nafasi ya kupoa na ukinzani wao wa ndani unapanda mwezi baada ya mwezi. Betri ya lithiamu ni chanzo kizuri cha kujazia kifaa kingine. Kuiunganisha moja kwa moja na mzigo wa milisekunde ni kuionea.

Kapasita za filamu hazina hila yoyote. Benki inayotakiwa kudumu mamilioni ya mipigo hubeba karibu kilojuli 1 kwa kilo, kwa hiyo hesabu tani 1. Ukikubali maisha mafupi, theluthi moja au nusu ya hapo. Swichi yake inafunga tu, haifungui mkondo, na jambo hilo lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa mipigo iliyo chini ya milisekunde 10 usipoteze muda na kingine chochote.

Gurudumu nalipitia haraka. Megajuli 1 kwenye rota inayozunguka mara 40,000 kwa dakika ina kani-mzunguko ya N·m·s 477, moja ya kumi ya kile kinachobebwa na kila moja ya giroskopu nne zinazoongoza Kituo cha Kimataifa cha Angani. Ukitoa robo tatu ya nishati ndani ya sekunde moja, mwendo unashuka nusu na chombo kinapigwa na msokoto wa N·m 239. Lazima uweke mawili yanayozunguka kinyume, na yakitofautiana kwa asilimia 1 tu mfumo wa kuongoza chombo utalipa tofauti hiyo. Kwa mpigo wa sekunde 0.1 jenereta yenyewe ndiyo inayokuwa nzito.

Koili ya alumini: hesabu moja kwa ukaribu

Alumini ya usafi wa asilimia 99.999 ikishushwa hadi kelvini 20, halijoto ya haidrojeni ya majimaji, ukinzani wake hushuka mara 500 au zaidi. Si superkondakta, haina kikomo cha ghafla cha mkondo, na ina uzito chini ya theluthi moja ya shaba. Sababu ya kuipenda kuliko shaba si wepesi peke yake: ndani ya uga mkali wa sumaku ukinzani wa shaba huendelea kupanda, wa alumini hupanda kisha hutulia.

Chukua koili ya duara yenye kipenyo cha nje cha sentimita 80 na cha ndani sentimita 40, mkato wake mraba wa sentimita 20 kwa 20, alumini ikijaza asilimia 70. Kondakta ina kilo 142. Kwa halijoto ya kawaida, mkondo ukiachwa uzunguke wenyewe hufifia kwa kipimo cha muda cha sekunde 0.28: koili hiyo si hifadhi, ni hita. Kwa kelvini 20 kipimo hicho huwa sekunde 140.

Ili ibebe megajuli 1 inahitaji ampea-mizunguko milioni 1.98, sawa na ampea 71 kwa kila milimita ya mraba. Katikati uga unafika takriban tesla 4. Joto linalozalishwa ikiwa imejaa ni kilowati 14.3, na sasa linganisha na kilowati 17 za paneli. Ukijaribu kuijaza moja kwa moja kutoka kwenye paneli, hutafika: karibu kila kinachoingia kitaishia kuchemsha haidrojeni. Koili hii haihifadhi, inafupisha. Lazima ijazwe haraka kutoka kwenye betri na kuachiwa papo hapo.

Tuseme inajazwa kwa sekunde 5 kwa volti isiyobadilika, mkondo ukipanda kwa mstari ulionyooka. Nguvu ya kilele ni kilowati 400, kwa hiyo betri ya kilo 80 hadi 130. Joto la kujaza ni kilojuli 24. Joto fiche la haidrojeni, yaani linalotumika kuigeuza majimaji kuwa mvuke, ni kilojuli 446 kwa kilo, basi kila mpigo unachemsha gramu 53. Ni kidogo, sivyo? Zidisha kwa mipigo 1,440 ya siku: kilo 77 kwa siku. Na hiyo ni kabla ya kuongeza ukinzani unaoletwa na uga wa sumaku wenyewe, ambao kwa usalama huhesabiwa kama mara mbili. Kwa mzigo wa dakika kwa dakika, mwaka mzima, koili ya alumini imeshindwa. Kwa kazi ya mipigo 200 kisha basi, ni kilo 11 hadi 21 za haidrojeni, na hapo inaipiga kumbo benki ya kapasita ya tani moja.

Kuna hali moja inayobadilisha picha yote: chombo kinachotumia haidrojeni na oksijeni kwa seli za fueli. Kila mpigo unahitaji umeme wa megajuli 1.15 hivi pamoja na upotevu, na seli yenye ufanisi wa asilimia 50 itatumia gramu 19 za haidrojeni kuuzalisha. Kupoza kunataka gramu 53. Punguza muda wa kujaza hadi sekunde 2 na kupoza kunashuka hadi gramu 21, karibu sawa na kile ambacho ungechoma hata hivyo. Mvuke ule ule uliopoza koili unaingia kwenye seli ya fueli na hakuna kinachotupwa. Gharama yake ni betri ya kujazia, ambayo kilele chake sasa ni megawati 1, kilo 200 au zaidi. Muda wa kujaza ndio kitasa cha muundo mzima; utafute kati ya sekunde 2 na 5, usiukubali ule uliokuta kwenye michoro ya zamani.

Usiziachie seli za fueli zibebe kilele wenyewe. Zile za vyombo vya Space Shuttle zilitoa kilowati 7 kwa kawaida na 12 kwa kilele, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 110. Tanki la haidrojeni na oksijeni lina nishati nyingi mno, zaidi ya megajuli 13 kwa kilo ya mchanganyiko, ila mlango wa kutokea ni mwembamba. Turbini zinazochoma mchanganyiko huo zina mlango mpana zaidi, lakini moshi wake wa mvuke wa maji huganda kwenye lenzi na vioo, na ukitoka upande mmoja unakisukuma chombo.

Superkondakta: mpigo wa nadra tu

Hapa ukinzani ni sifuri mkondo ukiwa umetulia, na ndiyo sababu watu huishia kuamini kwamba joto pia ni sifuri. Mkondo unaobadilika huzalisha joto ndani ya nyuzi, kwenye shaba au alumini inayozizunguka, na kwenye kila kipande cha chuma kilicho karibu. Ukipoteza asilimia 1 tu ya megajuli, ni kilojuli 10 kila mpigo. Kwa mpigo mmoja kila dakika hiyo ni wati 167 mfululizo kwenye sehemu baridi.

Kuondoa wati moja kutoka kelvini 20 na kuitupa kwenye kelvini 300 kunadai, kwa sheria za fizikia, wati 14. Kutoka kelvini 4.2, wati 70. Mashine halisi hazifiki hapo. Ukiichukulia ya kelvini 20 kuwa inafikia asilimia 10 ya kikomo na ya kelvini 4.2 asilimia 5, unalipa wati 140 na wati 1,400. Wati 167 zinageuka kilowati 23 kwa superkondakta ya diboridi ya magnesiamu iliyo kwenye kelvini 20, na kilowati 233 kwa ile ya niobi-titani iliyo kwenye heli ya kelvini 4.2. Ya kwanza inazidi mzigo wenyewe. Ya pili ni kichekesho. Sasa weka mpigo mmoja kwa saa: wati 2.8 kwenye baridi, wati 390 za mashine kwa kelvini 20. Hapo superkondakta inafaa, tena inafaa sana, kwa sababu inaweza kujazwa taratibu na paneli kwa dakika nzima au zaidi bila kuhitaji betri ya kati.

Usihesabu heli ya kutupwa kama njia rahisi. Joto lake fiche ni kilojuli 21 kwa kilo: wati 1 inachemsha lita 1.4 kwa saa, wakati haidrojeni ingechemka lita 0.11. Kifaa cha AMS-02, kinachopima chembe za angani kwenye Kituo cha Kimataifa cha Angani, kilisanifiwa na sumaku ya superkondakta yenye lita 2,500 za heli ya majimaji. Mwaka 2010, kabla ya kurushwa Mei 2011, sumaku hiyo iliondolewa na kuwekwa ya kudumu, kwa kuwa heli ingekwisha miaka mingi kabla ya kituo kustaafu. Na mkondo wake ulikuwa umetulia, haukuwa wa mipigo.

Kuhusu uzito, usitarajie miujiza. Sumaku ya CMS, kifaa cha kunasa chembe kule CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, hubeba takriban gigajuli 2.6 kwenye tani 220 za sehemu baridi, karibu kilojuli 12 kwa kilo, na ni kati ya zilizo bora. Kanuni ya viriali inaweka sakafu isiyovunjika: uzito wa nyenzo inayovutika hauwezi kuwa chini ya nishati mara msongamano, ukigawanya kwa msongo unaoruhusiwa. Kwa aloi ya alumini kwenye MPa 400 ni kilo 7 kwa megajuli. Ukiweka umbo halisi na kiwango cha usalama utaishia kilo 20 hadi 40. Si muundo ulio mzito. Kinachokula kilo ni kondakta, chombo cha ombwe, mashine ya baridi pamoja na rejeta yake. Rejeta kwenye kelvini 300 hutupa wati 400 na kidogo kwa kila mita ya mraba ya upande mmoja, basi kilowati 23 zinahitaji zaidi ya mita 50 za mraba.

Swichi, ambayo michoro huisahau

Kapasita hutoa umeme kwa kufunga saketi. Koili hutoa kwa kuifungua, na mkondo wa koili haukubali kukatwa: ukikosa njia, utaitengeneza kwa arki, yaani cheche inayoendelea kuwaka. Koili yetu ikifungwa kwa nyaya za ampea 1,000 itakuwa na henri 2, na kuishusha hadi sifuri kwa sekunde 0.1 kunazalisha volti 20,000. Ndani ya mvuke wa heli au haidrojeni wa mgandamizo mdogo, volti hizo hutafuta pa kurukia. Ifunge mizunguko 198 kwa ampea 10,000 na henri zinashuka hadi 0.02, volti 2,000. Chagua ya pili. Utalipa kwa waya nene za kuingilia: jozi ya ampea 10,000 inayopozwa kwa mvuke huingiza karibu wati 20 kwenye heli, sawa na lita 28 kwa saa ikiwa mkondo ni wa kudumu. Kwa mipigo, pima waya kwa mkondo wa wastani wa joto, si wa kilele. Mkondo unaopanda kwa sekunde 5 kati ya 60 una joto la ampea 1,700 hivi.

Swichi ya ombwe peke yake haizimi mkondo mnyoofu, kwa kuwa mkondo haupiti sifuri. Inahitaji kapasita ndogo ya kupiga kinyume, na uzito wa kapasita hiyo uandikwe kwenye hesabu ya koili. Swichi za silikoni hufanya vizuri kwenye kelvini 80 hadi 100. Chini ya kelvini 40 chaji za silikoni huganda na swichi haipitishi. Usizitumbukize kwenye haidrojeni kwa sababu tu nafasi ipo.

Na kama mzigo ni koili nyingine, hesabu kabla ya kuahidi. Kuunganisha koili iliyojaa na nyingine tupu ya henri sawa kunampa mpokeaji robo ya nishati, robo inabaki, na nusu inateketea kwenye swichi. Hakuna swichi bora inayobadilisha hilo. Ni kapasita ya kupitishia katikati ndiyo inayookoa.

Yanayoharibika

Alumini safi ni laini kama nta ukilinganisha na kazi yake. Kwenye koili yetu msongo wa kuipanua unafika karibu MPa 42, na alumini safi iliyopashwa na kupozwa huanza kulegea kwenye MPa 10 hadi 20. Isipofungwa kwa nyuzi za kaboni na epoksi kati ya tabaka, inatambaa kidogo kila mpigo. Kila kunyooka huongeza kasoro kwenye fuwele, na zile mara 500 za ukinzani hupungua bila kelele. Pima ukinzani kila baada ya mipigo mia moja ya majaribio. Ukiendelea kupanda, bendeji imelegea.

Maungio: kwa ampea 10,000, kila nanoomu 1 ni wati 0.1. Kiungo kibaya cha nanoomu 200 hivi, kati ya sumaku mbili, ndicho kilichoisimamisha LHC, mashine ya CERN ya kugonganisha chembe, tarehe 19 Septemba 2008 na kumwaga tani kadhaa za heli. Kwenchi, yaani koili kupoteza ghafla usuperkondakta, si hatari ikisambaa: megajuli 1 kwenye kilo 142 za alumini haifikishi kelvini 80. Ikibaki mahali pamoja inatoboa. Weka hita za kuisambaza na vali ya usalama inayopitisha kilo 2.2 za mvuke wa haidrojeni, kiasi ambacho megajuli nzima ingechemsha.

Haidrojeni ijazwe ikiwa imeshageuzwa kuwa ya aina ya para, yaani umbo la molekuli lenye nishati ndogo zaidi. Ile ya kawaida hujigeuza yenyewe tankini na kutoa kilojuli 527 kwa kilo, zaidi ya joto lake fiche, kwa hiyo tanki linaweza kujichemsha. Mahali pasipo uzito mapovu hayapandi, hubaki yamegandana na koili na kuifunika. Apollo na Shuttle zilikwepa hilo kwa kuhifadhi haidrojeni juu ya mgandamizo wake wa kikomo, baa 13, ambapo hakuna povu wala majimaji. Ukifuata njia hiyo huna tena joto fiche, kwa hiyo piga upya hesabu ya gramu kwa kila mpigo.

Mwisho, koili ya duara moja ni dira kubwa. Yetu ina nguvu-sumaku ya A·m² 560,000 na zaidi. Kwenye uga wa dunia wa mikrotesla 30 inazalisha msokoto wa N·m 17 kila inapojaa. Tumia toroidi, yaani koili yenye umbo la andazi lenye tundu, ambayo inahitaji kondakta zaidi kwa nishati ile ile, au gawanya koili mbili zilizoelekezwa kinyume na uhakikishe zimefungwa mfululizo kwenye saketi moja, ili ikizimika moja na nyingine izimike.